Kutengeneza Herini kwa Vitu vya Bei Rahisi

Somo letu la kazi za mikono juma hili lahusu herini. Huenda wako wasomaji watakaosema ya kuwa herini ni jambo dogo, tena la anasa, wala halistahili kupewa nafasi katika ukurasa ambao hufundisha habari za ng'ombe, kahawa na afya. Lakini kazi hii ina mambo matatu yaifanyayo istahili kufundishwa. Kwanza, yaweza kuanzwa na mtu yeyote mwenye meza, mikono miwili na mwangaza wa kutosha. Pili, vitu vyake vingi hupatikana nyumbani bure, au dukani kwa fedha kidogo. Tatu, ikifanywa kwa uangalifu huleta faida nyumbani kila mwezi. Na ikifanywa ovyo huleta vidonda katika masikio ya watu, na hasara katika mfuko wa mtengenezaji.

Kwa hiyo kanuni kubwa ya somo hili ni hii: punguza gharama ya kila kitu katika herini, isipokuwa ile sehemu iingiayo ndani ya sikio. Yeyote atakayeishika kanuni hii atafanikiwa, hata kama mikono yake ni mizito mwanzoni. Asiyeishika hatadumu na wanunuzi, hata kama ana ustadi mwingi.

MAPAMBO YA MASIKIO SI MAGENI KWETU

Kupamba masikio ni desturi ya siku nyingi katika nchi zetu. Wanawake wa Kikuyu zamani walivaa hang'i, yaani pete kubwa za shanga zilizoning'inia sikioni. Wanawake wa Kimasai walivaa, na wengine wangali wakivaa, isurutia, ambazo ni nyaya za shaba zilizozungushwa kama mgongo wa konokono. Huko pwani, tangu Lamu mpaka Unguja, wanawake walitia majasi masikioni. Wenye mali waliyafanya majasi yao kwa dhahabu au fedha, lakini mengi yalikuwa karatasi za rangi tu, zilizoviringwa kwa ustadi hata zikawa kama magurudumu madogo.

Hata shanga za kioo tuzionazo leo shingoni na masikioni hazikuwa zao la nchi hii. Zililetwa na wafanyi biashara kutoka ng'ambo, nyingi zikitoka Venice katika Italia, na Bohemia, ambayo leo imo katika nchi ya Ucheki. Waliotufundisha uzuri wa shanga hizo ni wanawake wa hapa, waliozipanga rangi zake kwa mitindo yao wenyewe. Kadhalika Wamasai waliokota vikopo vitupu vya filamu za kupigia picha wakavifanya mapambo ya ndewe, yaani ile nyama laini ya sikio inayotobolewa.

Katika miaka ya karibu kazi hii imeendelea. Mwaka 1975 karakana ya Kazuri ilianzishwa huko Karen, Nairobi, na wanawake wake hufinyanga shanga kwa udongo, wakazichoma katika tanuri na kuzipaka rangi. Na katika nchi jirani ya Uganda, wanawake wa Kampala wamejulikana mbali kwa shanga zao za karatasi. Ni shanga za namna hii ya pili tutakazojifunza leo, kwa sababu hazihitaji tanuri wala mashine.

SEHEMU TATU ZA HERINI

Kabla ya kushika kitu mkononi, yafaa fundi aijue herini ilivyo. Kila herini inayoning'inia ina sehemu tatu. Ya kwanza ni pambo, nalo ndilo lionekanalo. Ya pili ni kitanzi, yaani kile kiduara kidogo cha waya kinacholiunganisha pambo na kulabu. Ya tatu ni kulabu, nayo ndiyo iingiayo sikioni.

Mnunuzi akiwa sokoni hutazama pambo peke yake. Akisha fika nyumbani, kitanzi ndicho kitakachomwambia kama fundi alikuwa mvivu, maana kitanzi kibaya hufunguka na pambo likapotea njiani. Na baada ya siku mbili tatu, sikio lake halitajali tena uzuri wa pambo; litaijua kulabu tu. Kwa hiyo tutazifundisha sehemu hizi moja moja.

VITU VINAVYOHITAJIWA

Vyombo vya kazi ni hivi:

1. Koleo ndogo yenye midomo ya mviringo, kwa kupindia vitanzi.
2. Koleo ndogo yenye midomo bapa, kwa kushikia.
3. Koleo ya kukatia waya. Usikate waya kwa mkasi wa kitambaa, maana utauharibu makali.
4. Spoki ya baiskeli iliyonyoka, iliyosuguliwa kutu yote. Unene wake ni kama milimita 2.
5. Mkasi, rula na penseli.
6. Msasa laini sana au tupa ndogo.

Na vitu vya kutengenezea ni hivi: karatasi za kalenda ya mwaka uliopita, au za magazeti yenye kurasa zing'aazo, gundi nyeupe, vanishi isiyo na rangi, waya wa shaba nyekundu wenye unene wa milimita 0.8, shanga ndogo za kioo zenye upana wa milimita 3 hivi, na kulabu zilizo tayari, ambazo tutazieleza mbele.

Kuhusu waya wa shaba, mtu aweza kuomba vipande vilivyobaki kwa fundi wa umeme, lakini sharti aviombe kwa ruhusa. Ganda la plastiki liondolewe kwa kisu. Kulichoma moto ni kosa, kwa maana moshi wake ni sumu kwa mwenye kuuvuta na kwa watoto walio karibu.

Tena yafaa kusema hapa ya kuwa pembe ya ndovu na gamba la kasa si vitu vya kazi hii, hata kama mtu ameviokota au amepewa na babu yake. Sheria ya Kenya ya kulinda wanyama wa porini, iliyotungwa mwaka 2013, yatoa adhabu kali kwa wanaofanya biashara ya vitu hivyo. Karatasi ya kalenda haina kesi.

KUTENGENEZA SHANGA ZA KARATASI

Chukua karatasi yenye upana wa sentimita 21 na urefu wa sentimita 30. Ukingo mmoja wa upana, tia alama kila baada ya sentimita 2, ukianza pembeni kabisa: yaani 0, 2, 4, 6 na kuendelea mpaka 20. Ukingo wa pili ulioelekeana nao, tia alama katika 1, 3, 5 na kuendelea mpaka 19. Sasa unganisha alama hizo kwa mistari, ukienda juu na kushuka chini kama meno ya msumeno. Utapata pembetatu ndefu 19, kila moja ikiwa na kitako cha sentimita 2 na ncha iliyochongoka. Zikate kwa mkasi polepole. Vipande viwili vya pembeni vitakavyobaki si vya kutumia.

Shika pembetatu moja, ile picha nzuri ikitazama chini. Weka spoki juu ya kitako, uiviringe karatasi juu yake mzunguko mmoja bila gundi. Msomaji aangalie sana neno hili: bila gundi. Gundi ikigusa spoki, shanga itaganda hapo na haitatoka ila kwa kupasuka. Baada ya mzunguko wa kwanza, paka gundi nyembamba juu ya karatasi iliyobaki, kisha uendelee kuviringa ukivuta kidogo ili isiwe legevu. Angalia ncha ibaki katikati siku zote. Ikienda upande mmoja, shanga itakuwa kama kiazi kilichoota vibaya. Ukifika mwisho, bonyeza ncha kwa kidole mpaka ishike, kisha uichomoe shanga kutoka kwenye spoki.

Shanga iliyo njema ni ngumu, imechongoka huku na huku, na unene wake katikati ni milimita 6 hadi 8, kwa kadiri ya unene wa karatasi. Ziache zikauke usiku mzima.

Siku ya pili zitunge katika uzi au waya mrefu, zisigusane, uzipake vanishi. Ikisha kauka kabisa, paka mara ya pili. Vanishi ndiyo inayoifanya karatasi istahimili jasho na mvua ndogo, basi usiifanyie haraka. Kazi hii ifanywe nje ya nyumba, mahali penye hewa, mbali na jiko, sigara na taa ya mafuta, kwa sababu mvuke wa vanishi nyingi hushika moto upesi. Watoto wasiachiwe mkebe wake.

Baadhi ya wanaoanza hutengeneza shanga mbili, wakazifanya herini, kisha wakaanza mbili nyingine. Njia hiyo haifai. Tengeneza zote 19 kwanza, uzimwage mezani, ndipo uzichague mbili mbili zinazofanana kwa unene, urefu na rangi. Masikio mawili ya mtu mmoja hulinganishwa na kila amtazamaye. Shanga mbili zisizolingana huonekana kutoka mbali. Zitakazokosa wenzake si za kutupwa, zaweza kutungwa katika mkufu.

KITANZI

Kata waya wa shaba urefu wa sentimita 6. Kwa koleo ya mviringo, pinda ncha moja iwe kitanzi kidogo kilichofungika vizuri. Hicho kitakuwa chini, nacho kitazuia shanga zisianguke. Sasa tia shanga moja ya kioo, kisha ile ya karatasi, kisha shanga nyingine ya kioo. Shanga za kioo si pambo tu. Tundu la shanga ya karatasi ni pana kuliko waya, na shanga za kioo huliziba huku na huku ili pambo lisichezecheze. Zikiwa ndogo kuliko tundu, zitazama ndani, wala hazitafaa kitu.

Juu ya shanga ya mwisho, pinda waya uegemee upande mmoja, kama kona ya meza. Pima sentimita 1 kutoka kwenye kona hiyo, ukate iliyozidi. Shika ncha kwa koleo ya mviringo, uzungushe mkono kurudi upande wa pili mpaka ncha iguse waya ulipoanzia. Kitanzi chema ni duara kamili, kimekaa katikati juu ya shanga, wala hakina mwanya hata wa unywele. Kitazame mbele ya mwangaza: ukiona mwanya, kaza tena kwa koleo bapa.

Iko siri moja ya mafundi ambayo huokoa vitanzi vingi. Unapotaka kukifungua kitanzi ili kutia kulabu, usizivute ncha zake huku na huku kama mtu afumbuaye kinywa cha mbuzi ampe dawa. Ukifanya hivyo duara litaharibika, wala halitarudi kuwa duara tena. Isukume ncha moja mbele, kama ufunguavyo mlango, utie kulabu, kisha uurudishe mlango mahali pake. Waya uliofunguliwa kama mlango hufungika sawasawa.

KULABU, MAHALI PASIPOFAA UBAHILI

Sasa tumefika mahali penye somo lenyewe. Kulabu zilizo rahisi kabisa sokoni hung'aa sana, na mtu mgeni wa kazi huzifurahia. Lakini nyingi katika hizo zimefanywa kwa madini yaliyochanganywa na nikeli, kisha zikapakwa rangi ya fedha au dhahabu juu juu. Rangi hiyo huchubuka baada ya muda mfupi, na nikeli ikabaki uchi ndani ya ndewe.

Hatari yake ni hii. Jasho la mwili huyeyusha nikeli kidogo kidogo, nayo huingia katika ngozi. Kwa watu wengine mwili huitambua kuwa ni adui, ukaanza kuikataa. Ndewe huwasha, huwa nyekundu, huvimba, hutoa maji na kufanya magamba. Mtu akidhani ni uchafu, huosha na kuvaa tena, na hali huzidi. Tena jambo la kusikitisha ni kwamba mwili ukisha jifunza kuikataa nikeli, kwa kawaida hausahau maisha yote. Binti aliyeharibiwa sikio kwa herini ya shilingi chache aweza baadaye kuwashwa na saa ya mkononi, kifungo cha suruali na bizimu ya mshipi. Ni kwa sababu hiyo nchi za Ulaya zilitunga sheria mwaka 1994 ya kupunguza nikeli katika vitu vinavyogusa ngozi, na masharti yaliyo makali zaidi ni ya vile vinavyopita katika tundu la sikio.

Wako wanaodhani ya kuwa sumaku yaweza kuwajulisha. Haiwezi. Nikeli iliyochanganywa na madini mengine mara nyingi haivutwi na sumaku, na kulabu yenye madhara yaweza kupita bila kugunduliwa. Wengine hudanganywa na jina. Madini yaitwayo fedha ya Kijerumani hayana fedha ndani yake hata chembe. Ni shaba, zinki na nikeli.

Basi fundi atumie nini? Fedha halisi iliyopigwa alama ya 925, maana yake sehemu 925 za fedha katika kila 1,000, ni njema kwa watu wengi. Chuma kisichoshika kutu cha aina iitwayo 316L kina nikeli, lakini huishika sana, hutoa kidogo mno, na watu wengi hukistahimili. Tena bei yake si kubwa. Kwa mtu ambaye masikio yake yamekwisha kukataa nikeli, titani ndiyo salama kuliko hizo. Nunua kwa muuzaji awezaye kukuambia kulabu zake zimefanywa kwa kitu gani, na ambaye utamkuta mahali pale pale ukirudi kumwuliza. Madini ya risasi yasitumiwe kabisa, wala katika pambo wala katika kuunga, kwa sababu ni sumu, na watoto wachanga hupenda kuvuta herini za mama zao na kuzitia kinywani.

Mwenye kutaka kujitengenezea kulabu kwa waya wa fedha, ajizoeze kwanza kwa waya wa shaba. Kata sentimita 5. Pinda kitanzi kidogo ncha moja. Weka waya juu ya penseli, uupinde uizunguke mpaka upate umbo la kulabu, kisha ncha ya nyuma uipinde nje kidogo. Sasa isugue ncha hiyo kwa msasa laini mpaka iwe mviringo. Kuijaribu, ipitishe katika pamba. Ikivuta hata uzi mmoja wa pamba, ina ukali bado, na itaikata ndewe kila asubuhi inapovaliwa. Isugue tena mpaka pamba isikamatike. Kisha ioshe kwa sabuni na maji ya moto, uikaushe.

UZITO NA MATUNDU

Wazee wetu husema sikio halipiti kichwa. Nasi twaweza kuongeza ya kuwa herini isilipite sikio. Herini nzito huvuta tundu chini siku baada ya siku mpaka likawa ufa, na mwisho ndewe hupasuka. Kama kadiri ya kukumbuka, herini moja isizidi gramu 8. Asiye na mizani ndogo na akumbuke kwamba kijiko cha chai kilichojaa sukari na kusawazishwa kina gramu 4 hivi. Basi herini isizidi uzito wa vijiko viwili. Herini ya karatasi tuliyoifundisha leo haifiki hata gramu 2, na hiyo ni sifa yake kubwa. Mama aweza kuivaa tangu asubuhi mpaka jioni akasahau ya kuwa ameivaa.

Tena fundi asimwuzie herini ya kuning'inia mtu ambaye masikio yake yametobolewa juzi. Tundu la ndewe lahitaji majuma 6 au zaidi kupona, na wakati huo livaliwe kipini chepesi cha madini yaliyo salama. Kutoboa kwenyewe kufanywe na mtu aliyefundishwa, kwa sindano mpya, itumikayo kwa mtu mmoja tu kisha ikatupwa. Sindano moja kupita katika masikio ya watoto wa nyumba nzima ni njia ya kupitisha magonjwa ya damu.

HESABU YA FUNDI

Mafundi wengi huanguka hapa. Hujua kutengeneza, lakini hawajui kama wanapata au wanapoteza. Tuchukue mfano wa mtu atakayetengeneza jozi 20. Bei hizi ni za mfano tu. Kila mmoja atie bei za mahali pake.

Karatasi za kalenda: bure
Gundi: Sh. 60
Vanishi: Sh. 100
Waya wa shaba: Sh. 120
Shanga za kioo: Sh. 100
Kulabu njema, jozi 20 kwa Sh. 20: Sh. 400
Kadi za kutundikia: Sh. 60
Nauli ya kwenda na kurudi sokoni: Sh. 160
Jumla: Sh. 1,000

Mtu ataona ya kuwa kila jozi yamgharimu Sh. 50. Lakini na aseme kweli: katika jozi 20, mbili huenda zikaharibika au zikakosa mnunuzi. Basi zitakazouzwa ni 18. Akiuza kwa Sh. 80 kila jozi, atapokea Sh. 1,440, na faida yake ni Sh. 440. Tena, kama kila jozi ilimchukua nusu saa, ametumia saa 10. Kwa hiyo amejilipa Sh. 44 kwa saa moja. Akiuza kwa Sh. 120, atapokea Sh. 2,160, faida ni Sh. 1,160, yaani Sh. 116 kwa saa. Ndipo ajiulize: je, kazi hii yanilipa kuliko kupalilia shamba langu katika saa hizo? Asiyejiuliza swali hilo hufanya kazi ya bure akidhani ni biashara.

Sasa majaribu yatakuja. Fundi ataitazama orodha ile, naye ataona ya kuwa kulabu zimekula Sh. 400 kati ya 1,000. Atamkuta mchuuzi mwenye kulabu za Sh. 3 kwa jozi, ambazo zote 20 ni Sh. 60 tu. Moyo utamwambia ya kuwa ameokota Sh. 340 njiani. Lakini na apige hesabu ya pili. Katika wanunuzi 18, tuseme watatu wawashwe masikio. Hao watatu hawatarudi, na kila mmoja atawaambia dada zake, jirani zake na wenzake wa kikundi. Mwezi wa pili fundi atakaa sokoni na jozi zake 20 zilizo nzuri, na watu watapita wakizitazama wasiziguse. Fedha aliyodhani ameiokota ilikuwa ni jina lake mwenyewe ameliuza. Rahisi ghali, walisema wahenga.

Mwenye kutaka kupunguza gharama anazo njia nyingine zisizomdhuru mtu. Wanawake wanne wakinunua gundi, vanishi na waya kwa pamoja, hupata bei ya jumla. Mmoja akichukua mizigo ya wote sokoni, nauli hugawanyika mara nne. Kadi zaweza kukatwa katika maboksi matupu ya dukani. Punguza huko upendavyo, kulabu uiache.

KUUZA KWA HESHIMA

Tundika kila jozi katika kadi safi ya sentimita 5 kwa 8, yenye matundu mawili. Nyuma ya kadi andika kwa mwandiko unaosomeka: pambo ni karatasi na kioo, kulabu ni chuma cha 316L, au fedha 925, kama ilivyo kweli. Maandishi hayo mafupi huuza kuliko kelele. Mnunuzi mwenye masikio dhaifu akiyasoma atajua ya kuwa amekutana na fundi.

Chukua kioo kidogo cha kujitazamia. Mnunuzi aiweke herini karibu na sikio ajione, lakini asiitie tunduni kabla ya kulipa, maana haifai sikio la mtu mmoja kumpitishia mwingine uchafu. Mwambie pia asioge wala kulala akiwa ameivaa. Karatasi hata ikipakwa vanishi haipendi kulowana.

Na uwe na daftari. Upande mmoja andika ulichotumia, upande wa pili ulichopokea, pamoja na tarehe. Andika pia rangi zilizokwisha upesi na zilizorudi nyumbani. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litakufundisha mengi ambayo gazeti haliwezi kukufundisha, kwa sababu litakuwa limeandikwa na wanunuzi wako.

ZOEZI

Juma hili tengeneza shanga 19 kwa karatasi moja, ukachague jozi nne zinazofanana kabisa. Zifanye herini. Jozi ya kwanza ivae mwenyewe au mwombe ndugu yako aivae siku saba tangu asubuhi mpaka jioni. Kisha ujibu maswali haya katika daftari lako: Je, kitanzi kimefunguka? Je, vanishi imechubuka? Je, ndewe imewasha hata kidogo? Je, jozi moja imekugharimu shilingi ngapi, pamoja na saa zako?

Kama maswali matatu ya kwanza yamejibiwa kwa siyo, na la nne kwa hesabu iliyo kamili, jozi tatu zilizobaki zaweza kwenda sokoni. Kama liko moja lililojibiwa kwa ndiyo, zibaki nyumbani mpaka kosa lirekebishwe. Ni afadhali kuchelewa sokoni juma moja kuliko kufika na kitu kitakachomuumiza jirani.